Marudio, Miezi Kumi na Miwili

Inatangazwa kwa taadhima kubwa kwa wakazi wote wa Nyarugusu, wachimbaji, wachenjuaji, mama lishe, waendesha bodaboda na hata wale wanaodai kuwa wapo njiani tu, kwamba Bi Lusia binti Ngassa amekabidhiwa waraka rasmi wa kitabibu wenye mhuri na sahihi, na kwamba waraka huo umehifadhiwa mahali salama chini ya ulinzi mkali.

Waraka wenyewe ulikuwa kikadi cha rangi ya waridi, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mahali salama palikuwa ndani ya kopo la chumvi. Ulinzi mkali ulikuwa ile chumvi.

Wala hakuna mkazi wa Nyarugusu aliyetangaziwa lolote, kwa sababu Lusia hakumwambia mtu.

Kikadi alikipata Masumbwe, mwezi wa nne, katika kituo kimoja cha afya cha watawa. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amekwenda huko kwenye arobaini ya binamu yake. Siku ya pili ya shughuli wanawake wa ukoo walisikia kuwa kituoni wanapima shingo ya kizazi bure, wakajifunga khanga wakaenda kujipanga foleni. Lusia naye alijipanga, maana kubaki nyumbani peke yake kungeonekana kiburi. Ndivyo alivyopimwa: kwa adabu tu.

Majibu aliyafuata mwenyewe, na siku hiyo hapakuwa na ukoo wa kujipanga nao. Muuguzi, binti mpole mwenye miwani, alimkalisha kwenye kiti akamweleza kila kitu polepole, hata akamchorea picha nyuma ya karatasi. Tatizo ni kwamba sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa na maneno "tumeona mabadiliko," na hapohapo masikio ya Lusia yakafunga milango. Alimwona muuguzi akichezesha midomo. Alitikisa kichwa kila palipoonekana pa kutikisa. Alipoulizwa kama ana swali alisema hana, ahsante, akapokea kikadi, akatoka.

Alikisomea nyuma ya ukuta wa kituo, ameketi juu ya jiwe. Kalamu ya bluu iliandika: MAJIBU, mabadiliko madogo. Chini yake: MARUDIO, miezi 12.

Mtu wa Tanga au wa Dodoma angesoma hapo akaelewa mara moja kwamba anatakiwa kurudi mwakani. Lakini Lusia alikuwa mtu wa Nyarugusu, na Nyarugusu neno hilo lina kazi nyingine. Mwamba ukitoka shimoni husagwa kwenye karasha mpaka uwe unga, kisha huoshwa mwaloni, yaani kwenye uwanja wa kuoshea, na dhahabu ikanaswa. Mchanga unaobaki, ulioshwa, uliochoka, usio na cha kung'aa, hulundikwa pembeni, na huo ndio huitwa marudio. Hukaa pale kwa muda. Halafu huuzwa kwa wenye matangi na dawa, nao huukamua kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo hakuna anayeuita kwa jina lolote.

Lusia alikuwa amejaza marudio kwenye viroba kwa miaka saba, katika mwalo wa bwana mmoja aitwaye Donatus. Kwa hiyo alikisoma kikadi kama kinavyosomwa mwaloni. Yeye sasa ni marudio. Amebakiza miezi kumi na miwili kwenye lundo.

Alikikunja mara nne, akarudi kwake.

Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana mbele hakuna nafasi.

Kwake palikuwa chumba kimoja na kiuga kidogo nyuma. Mumewe, Maduhu, alikuwa amefuata rashi, dhahabu mpya iliyovuma, upande wa Chunya miaka miwili nyuma, kama wachimbaji wanavyofuata rashi, yaani kwa begi moja na ahadi nyingi. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Mwaka wa pili simu yake ilianza kupokelewa na yule mama wa mtandao anayesema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Huyo mama alikuwa na sauti nzuri, na ukweli ni kwamba ndiye aliyezungumza na Lusia mara nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wa Maduhu.

Binti alikuwa mmoja, Nelly, naye alikuwa shule ya bweni Shinyanga mjini. Wakati wa likizo fupi alilala hukohuko mjini, Kambarage, kwa shangazi yake, Suzana, fundi cherehani. Lusia hakutaka kumharibia mtoto mwaka wa mtihani. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Na alipokuwa hajiambii hivyo, alijua tu kwamba hana maneno ya kusemea jambo lenyewe, kwa kuwa ugonjwa wa sehemu ile hausemwi mbele ya mtoto, wala mbele ya jirani, wala mbele ya mume ambaye akipatikana anaweza akauliza umeupata wapi.

Basi alianza kujipanga. Sufuria ya familia aliipandisha juu ya kabati, akabaki na ile ndogo inayotosha ugali wa mtu mmoja. Kioo alikigeuza kikatazama ukuta. Mvua zilipokaribia, wenzake walipanda mihogo kwenye viuga vyao, na yeye alisimama na jembe akapiga hesabu. Muhogo unataka mwaka na zaidi. Akapanda mchicha. Halafu akapanda maharage, kwa sababu maharage yangewahi.

Viazi vitamu alivyokuwa navyo alivikata vyote akavianika juani vikawa michembe, debe moja, mawili, matatu. Paskazia, mwenzake wa mwaloni aliyekuwa na mdomo usiofungwa hata na vumbi, alimuuliza kama anafungua ghala la taifa. Lusia alisema ni ya mtoto. Paskazia akasema mtoto gani huyo, ana matumbo mangapi.

Huyo Paskazia hakuwa mtu mbaya. Ila siku moja, wakati wa mapumziko, alipanda juu ya lundo la marudio akaketi kama malkia, akawahutubia wanawake waliokuwa wakila mihogo ya kuchemsha, akiwaita mayu, yaani mama.

"Mwanamke akishapita thelathini na tano ni marudio, mayu. Msijidanganye. Dhahabu walishaondoka nayo."

"Sema wewe," mmoja akajibu. "Mimi bado ni mwamba, sijasagwa."

"Hata marudio yana wateja wake," akasema Paskazia. "Mama Nelly hapa, kuna mzee mwenye matangi anamtazama sana. Atamkamua kilichobaki."

Wakacheka wote. Lusia akacheka pamoja nao, sauti yake ikiwa ya mwisho kunyamaza, kisha akainuka akaenda kusimama nyuma ya karasha, mahali ambapo injini hupiga kelele kiasi kwamba mtu anaweza kulia kwa sauti ya kawaida na asisikike. Alikaa huko mpaka mafuta ya injini yalipoisha.

Jioni Paskazia alimfuata njiani. "Mama Nelly, nimekukosea?"

"Hapana. Vumbi tu."

"Vumbi la leo limekuingia kuliko siku zote."

Lusia akasema ndiyo, limemwingia. Paskazia akaona hapewi zaidi, akaaga. Wakati mwingine mtu hupewa mlango ulio wazi, akapita pembeni yake kwa heshima, na siku hiyo walipita wawili.

Krismasi Nelly alikuja.

Hapa inabidi kusema machache kuhusu binti huyu, ingawa sifa zake zingejaza daftari zima. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja na alikuwa akisubiri matokeo, ambayo baadaye yalitoka yakiwa ya kiwango ambacho unyenyekevu unatuzuia kukitaja. Alikuwa na adabu, utulivu na hofu ya Mungu. Ni kweli kwamba kidato cha tatu aliwahi kubandika kwenye ubao wa shule tangazo lenye mhuri wa kuchonga kwa kiazi, likisema kwa taadhima kuwa kwa amri ya ofisi ya mkuu, Jumapili maharage yatapumzishwa na kutapikwa pilau, na kwamba wanafunzi mia nne walifika bwaloni na vijiko mkononi. Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Lakini hayo ni mambo ya ujana, yalishasamehewa, na hayahusiani kabisa na hadithi hii.

Alikaa Nyarugusu siku nne. Lusia alimwonesha mbegu za mahindi zilipo na namna ya kuzipaka majivu. Akamwonesha bati linalovuja na jiwe la kulikandamizia. Akampa kitenge alichovaa siku ya ndoa, akasema kinamsumbua kwenye sanduku. Akamtajia wajomba mmoja mmoja, yupi wa kumkimbilia na yupi wa kumsalimia tu.

"Mama, unasafiri?" Nelly akauliza.

"Mtu hujipanga."

"Kwenda wapi?"

Lusia alikaribia kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Badala yake akamwambia achochee moto. Siku zote hizo nne Nelly ndiye aliyepika, na inatosha kusema kwamba chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Asubuhi ya kurudi kwa shangazi, stendi, Lusia alimshika mwanawe mkono, akausahau mkononi mwake. Kondakta aliwaita mara mbili. Gari lilipoondoka alibaki amesimama na kiganja wazi, kisha akanunua chapati moja ambayo hakuila, ili aonekane ana sababu ya kuwa pale.

Ujumbe wa kwanza uliingia katikati ya Januari, mwaloni, saa ya chakula. Simu ya Lusia ilikuwa kitochi chenye vitufe vilivyofutika namba, na namba iliyotuma hakuijua.

"Ndugu Mteja. Idara ya Ufuatiliaji inakusalimu kwa taadhima. Kumbukumbu zetu zinaonesha kuwa una kadi yetu ya mwezi wa nne, yenye marudio ya miezi 12. Thibitisha kuwa ujumbe huu umekufikia. Wako katika ujenzi wa afya bora, Sista Generosa."

Aliusoma amesimama, kama mtu anayesomewa hukumu. Hakujibu siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu, kwa kuwa si vizuri kuacha ofisi ingoje, aliandika: "Shikamoo Sista. Ujumbe nimeupata."

Jibu likaja upesi. "Ahsante kwa ushirikiano wako. Umekula?"

Lusia akaitazama simu. Hakujua kwamba idara huuliza hivyo. Ilikuwa imepita miezi tangu mtu yeyote amuulize kama amekula, naye akajikuta anaandika ukweli, kwamba bado, kwamba mtu mmoja akijipikia huona uvivu. Sista akajibu kuwa Idara inamtaka ale. Akala.

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku mbili tatu, saa ya chakula, simu ilitetemeka kwenye pindo la khanga. Lusia alimwandikia Sista mambo ambayo hakujua anayo. Kwamba Jumapili ni siku ndefu. Kwamba kuku wake mmoja amezoea kuingia ndani na yeye huzungumza naye, na kuku husikiliza vizuri ila hukaa kidogo. Kwamba akirudi kutoka mwaloni husimama mlangoni kabla ya kufungua, kwa sababu akifungua anajua kilichomo. Kadiri siku zilivyokwenda, barua za Idara nazo zilipungua taadhima. Ndugu Mteja akatoweka, na ujenzi wa afya bora ukasimama. Kikabaki kitu kama mtu.

Jambo moja tu lilimshangaza. Kila ujumbe Lusia aliuanza kwa shikamoo, kama inavyompasa mwanamke wa miaka thelathini na tisa kwa mtawa mtu mzima, na Sista hakuitikia marahaba hata siku moja. Aliruka juu ya shikamoo kama mtu anayeruka dimbwi. Lusia akafikiri labda watawa hawana marahaba. Akajaribu "Tumsifu Yesu Kristo." Haikupita dakika: "Milele amina." Kumbe salamu anazijua. Kesho yake akarudi kwa shikamoo, na Sista akauliza hali ya kuku.

Mwezi wa pili, siku ya mvua, mwalo umefungwa, Lusia aliketi kitandani akaandika ujumbe mrefu kuliko yote. Vidole vilimchukua muda.

"Shikamoo Sista. Naomba usijisumbue na mimi tena. Mimi najua kwamba ni marudio na mwezi wa nne ndio mwisho wangu. Kadi ilisema. Nimeshapanga vitu. Mtoto wangu hajui na nisingependa ajue mpaka iwe imekwisha. Ahsante kwa kunisemesha."

Akatuma. Akangoja.

Siku ya kwanza simu ilinyamaza. Siku ya pili aliizima akaiwasha, akidhani imeharibika. Siku ya tatu alikubali kwamba Sista naye amemwacha. Hakumlaumu, maana hata yeye angeweza kuchoka na mtu wa namna hiyo. Akarudi kusimama mlangoni kabla ya kufungua, dakika zikiwa nyingi kuliko zamani.

Siku ya nne mchana ulikuja ujumbe uliokatika vipande vinne, na kipande cha tatu kilifika kwanza. Lusia alivipanga kichwani kama mtu anayeunga sahani.

"Nisikilize vizuri. Marudio ya kwenye kadi si marudio ya mwaloni. Ni kurudi tu. Walikuambia urudi baada ya miezi 12, hawakukuambia umebakiza miezi 12. Chembe ndogo sana za shingo ya kizazi, zinazoitwa seli, zimebadilika kidogo. Hiyo si saratani. Wanawake wengi huonekana nayo, na mara nyingi mwili hujisafisha wenyewe bila dawa. Ndiyo maana hawakukupa dawa. Wanataka wakuangalie tena waone kama mabadiliko yamekwisha. Yakiwa bado yapo, watakuangalia kwa kifaa kinachokuza, na ikibidi watayaondoa mapema, kabla hayajawa ugonjwa. Ubaya ni kutorudi. Mgonjwa wa kufa haambiwi aje mwakani. Umeelewa? Sema umeelewa."

Alikuwa ameketi juu ya viroba. Aliusoma mara tatu. Kisha akaanza kucheka taratibu, peke yake, mabega yakimtikisika, hata Paskazia akaacha koleo akaja.

"Kuna nini, mayu?"

"Nimeambiwa nirudi."

"Wapi?"

"Kurudi tu," Lusia akasema, na safari hii machozi yalitoka mbele ya watu. "Paskazia, una vipando vya mihogo vimebaki?"

Paskazia alisema mvua zimebaki chache, amechelewa. Lusia akasema vitavumilia. Jumamosi walichimba pamoja matuta sita nyuma ya chumba, Paskazia akisema maneno yote na Lusia akisema moja moja, na sufuria ya familia ikashushwa kwa kuwa walikuwa wawili.

Tungependa kuishia hapo. Lakini kuelewa kadi ni jambo moja, kupanda gari kwenda Masumbwe ni lingine. Machi ilipoelekea mwisho, Lusia alianza kupata visingizio: kazi nyingi, barabara mbovu, kuku analalia. Mwishowe akasema lililokuwapo. "Sista, siogopi kipimo. Naogopa lile benchi la kusubiria. Mara ya kwanza nilikaa na wanawake wa ukoo tunachekeshana. Mara ya pili nilikaa peke yangu na ndiyo masikio yakaziba. Nitakuja ukiwapo wewe."

Sista akajibu kwamba wiki hiyo atakuwa kwenye semina. Wiki inayofuata? Semina ina sehemu ya pili. Akasema muuguzi yeyote atampokea vizuri, aandike maswali yake kwenye karatasi kabla ya kwenda, na asikilize hadi mwisho. Kisha, katika bidii ya kumtayarisha, Sista aliandika hivi: "Kesho kitoe kikadi kwenye kopo la chumvi, kikunjue kikauke, ukiweke kwenye pochi."

Lusia alikuwa akiosha viazi. Akakausha mikono, akausoma tena.

Hakuwa amemwambia mtu habari za kopo la chumvi. Hakumwambia Paskazia, wala padri, wala kuku.

Akainuka akaenda kulishusha lile kopo. Akakumbuka Krismasi, siku nne, na nani alikuwa jikoni. Akakumbuka "taadhima," neno ambalo hajalisikia likitumiwa na mtu aliye hai isipokuwa mmoja, aliyefukuzwa wiki mbili kwa ajili yake. Akakumbuka shikamoo zote zile, arobaini labda, zilizorukwa moja moja. Mtu mzima haogopi shikamoo. Anayeogopa kuipokea ni yule tu asiyestahili kupewa na anayemsalimia.

Akaketi na simu mapajani. Hakukasirika mara moja. Alikuwa akihesabu yote aliyoyaandika: mlango, Jumapili, kuku, marudio. Kisha akaandika, bila haraka.

"Shikamoo Sista. Nimeona huitikiagi. Mimi siendi kupimwa na watu wasioitikia shikamoo. Nijibu marahaba, neno moja tu, na Alhamisi nitakwenda. Usipojibu siendi."

Akatuma, akaiweka simu juu ya meza.

Sasa, msomaji makini ameshauliza zamani msimulizi huyu amejuaje yaliyomo ndani ya simu ya mtu, na ndani ya kopo lake la chumvi. Nilikuwa nimekusudia kujibu kwamba msimulizi hujua yote. Sina budi kubadilisha jibu.

Huyo Sista Generosa nilikuwa mimi. Nelly. Simu ilikuwa ya zamani ya shangazi Suzana, yenye laini aliyoisahau kwenye droo ya vifungo. Idara ya Ufuatiliaji ilikuwa chini ya meza ya cherehani, Kambarage. Mengine, yale ya nyuma ya karasha na ya mlangoni, mama alinisimulia baadaye mwenyewe.

Nilipopata ujumbe ule wa mwisho niliandika M. Nikaandika a, r, a. Nikafuta. Nikaandika neno zima, marahaba, nikalitazama limekaa pale, mimi niliyezaliwa na huyo anayenisalimia, nikafuta tena. Kulituma ilikuwa aende. Kutolituma ilikuwa asiende. Nimegushi mhuri wa mkuu wa shule bila kutetemeka, lakini neno lile lilinishinda. Nilifuta mara tano au sita. Kisha nikaandika la pekee nililoweza:

"Shikamoo mama."

Jibu lilichukua muda wa shangazi kushona shati zima. "Marahaba. Alhamisi saa mbili uwe Masumbwe. Na mdomo wako wote uje nao."

Nilikuwapo saa moja. Benchi lilikuwa refu na sisi tulikuwa wawili. Mama alikuwa na kikadi kwenye pochi, kikiwa na chembe za chumvi kwenye mikunjo, na karatasi ya maswali manane. Muuguzi mwenye miwani alimwita, mama akaingia, akakaa humo mpaka nikaanza kusali kwa dhati. Alipotoka alisema hakuumia, masikio hayakuziba, na majibu ni baada ya wiki tatu. Kisha akaketi.

"Haya. Ungama."

Nikaungama habari ya kopo la chumvi. Nikaungama kwamba zile siku tatu za ukimya Idara haikuwa imeharibika, ila Idara ilikuwa haijui chochote, tena ilikuwa inalia chooni kwa shangazi, na siku ya nne ilijivika pete ya shangazi ikaenda kliniki kumuuliza muuguzi wa kweli, ikidai ni mke wa mtu mwenye watoto watatu, pacha wakiwamo. Muuguzi alitazama pete inavyozunguka kwenye kidole, hakuamini hata mtoto mmoja, akanieleza yote.

"Lingine."

Nikaungama kwamba yale matokeo ninayoyasifu ni divisheni ya tatu.

"Hilo nalijua, wifi alinipigia. Lingine."

Nikasema hakuna lingine. Akanitazama tu, akangoja, kama yule kuku wake anavyosikiliza, ila yeye hakuondoka.

Basi nikasema. Kwamba Krismasi, nilipokikuta kikadi, mimi nami nilikisoma kama mtoto wa Nyarugusu. Kwamba ningeweza kumuuliza palepale jikoni, lakini nilirudisha kikadi kwenye chumvi nikaendelea kupika, kwa sababu niliogopa angenijibu. Na kwamba ule ujumbe wa kwanza, na taadhima yake yote, haukuwa mzaha hata kidogo. Nilitaka tu nione kama atajibu.